Moi Avenue: Barabara iliyobadilishwa jina, kumbukumbu zikabaki

KILA asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya majumba marefu ya Nairobi, magarimoshi ya abiria kutoka Ruiru, Kikuyu, Embakasi na Syokimau huingia katika stesheni kuu na kuteremsha maelfu ya wafanyakazi. Wachache hupanda gari jingine. Wengi huvuka Haile Selassie Avenue kwa miguu, hugeuza nyuso zao kaskazini na kuifuata barabara moja iliyonyooka hadi ndani ya moyo wa jiji.

Barabara hiyo ni Moi Avenue. Isichanganywe na ile ya Mombasa yenye jina hilohilo, iliyoitwa awali Kilindini Road na ambayo huvutia wageni kwa mapembe yake makubwa ya ndovu. Ya Nairobi haina pembe wala pambo. Urefu wake hautimizi kilomita mbili, na mtu mwenye haraka anaweza kuimaliza kwa nusu saa. Hata hivyo, hakuna barabara nyingine nchini iliyoshuhudia mambo mazito kama haya katika umbali mfupi kiasi hicho.

Katika ncha yake ya kaskazini, Wakenya walipigwa risasi mwaka wa 1922 walipodai kiongozi wao aachiliwe. Katikati yake, waziri aliyetarajiwa na wengi kuwa rais aliuawa mwaka wa 1969. Katika ncha yake ya kusini, bomu la magaidi liliangamiza zaidi ya watu 200 mwaka wa 1998. Anayetembea kutoka stesheni hadi University Way anapita kando ya matukio hayo matatu, mara nyingi bila kujua.

Ili kufahamu ni kwa nini mambo hayo yote yalitukia hapa, sharti mtu aanze na reli.

Mtoto wa reli

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Wakati huo hapakuwa na mji. Palikuwa na uwanda wenye maji baridi ambao Wamaasai walikuwa wakinyweshea mifugo yao, na ni kutokana na maji hayo ndipo jina Nairobi lilipatikana. Wahandisi walihitaji mahali tambarare pa kuweka karakana, maghala na makao ya wafanyakazi kabla ya kuanza kazi ngumu ya kuupanda mwinuko wa kuelekea Bonde la Ufa.

Ramani ya kwanza, iliyochorwa mwaka wa 1898, ilikuwa ya mji wa reli tu. Ilikuwa na nyumba za wafanyakazi, eneo la biashara la Wahindi na mitaa miwili mikuu: Station Street na Victoria Street. Ule wa kwanza ulipewa jina la stesheni kwa sababu huko ndiko ulikoanzia. Ulikuwa njia ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika.

Utawala wa Uingereza ulipohamishia ofisi zake Nairobi, kwanza za mkoa kutoka Machakos na baadaye za nchi nzima kutoka Mombasa, njia hiyo ilipanda cheo. Ikaitwa Government Road, yaani barabara ya serikali. Jina hilo lilieleza mpango wa wakubwa: upande mmoja reli iliyoleta bidhaa na watu, upande wa pili afisi zilizotoa amri.

Waliojenga maduka ya kwanza, hata hivyo, hawakuwa maafisa. Walikuwa Wahindi, baadhi yao wakiwa wafanyabiashara waliofuata reli, na wengine wakiwa mafundi waliosalia baada ya mikataba yao kumalizika. Ugonjwa wa tauni ulipozuka mwaka wa 1902, mtaa wao wa biashara uliteketezwa kwa moto kwa amri ya serikali. Waliujenga tena.

Mmoja wao, Alibhai Mulla Jeevanjee, aliyezaliwa Karachi na kutajirika kwa kandarasi za reli, aliupa mji bustani mwaka wa 1906 pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Bustani hiyo inapakana na Moi Avenue na bado inaitwa Jeevanjee. Mwaka wa 1991 ilinusurika mpango wa kugeuzwa maegesho ya magari yenye ghorofa, baada ya kampeni iliyoongozwa na mjukuu wake, Zarina Patel. Mwaka wa 1922, Waismailia walifungua msikiti wao wa mawe karibu na ncha ya kaskazini ya barabara. Wakazi huuita Khoja, na jina hilo limekuwa pia la mzunguko wa magari na kituo cha matatu.

Mpaka usio na ukuta

Nairobi ya wakoloni ilipangwa kwa rangi ya ngozi. Mwaka wa 1913, mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, alipendekeza katika ripoti yake kwamba jamii zitengwe katika makazi. Wazungu walichukua vilima na misitu ya magharibi, Wahindi wakaenea Ngara na Parklands, nao Waafrika wakasukumwa kwenye uwanda wa mashariki, Pumwani na mitaa iliyofuata.

Mwafrika aliruhusiwa kuja katikati ya mji kufanya kazi, si kuishi. Kuanzia miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, cheti cha usajili kilichotiwa ndani ya kijikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni. Askari aliyemsimamisha Government Road bila kipande alikuwa na haki ya kumtia mbaroni. Mnamo Aprili 24, 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilianzisha Operesheni Anvil, ikauzingira mji mzima na kuwakamata maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru.

Utengano huo haukufutika wote na bendera. Hadi leo, wakazi huitazama Moi Avenue kama mpaka. Magharibi yake kuna Kimathi, Mama Ngina na Kenyatta Avenue, zenye mabenki, mikahawa ya bei na walinzi mlangoni. Mashariki yake kuna Tom Mboya, Luthuli, Ronald Ngala na River Road, zenye matatu, vibanda, gesti na maduka ya jumla. Hakuna ukuta wala lango, lakini mtu anayevuka huhisi tofauti katika bei ya chai na katika mwendo wa watu.

Upekee wa barabara hii ni kwamba haiko upande wowote. Karani wa benki na mchukuzi wa mizigo hukanyaga lami yake kwa pamoja, kila mmoja akielekea upande wake. Ndiyo maana mwenye neno la kuwaambia wakazi wote wa jiji, awe mhubiri, mchuuzi au mwandamanaji, hulileta hapa.

Risasi za 1922

Wa kwanza kulileta neno hilo kwa umati walikuwa wafuasi wa Harry Thuku. Kijana huyo aliyekuwa mpiga simu wa serikali alianzisha chama cha East African Association, akapinga kipande, kodi ya nyumba na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 14, 1922, na kuzuiliwa katika kituo cha polisi kilichokuwa upande wa kaskazini wa mji, katika eneo ambalo leo lina Kituo cha Polisi cha Central na Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wafanyakazi waligoma na kukusanyika nje ya kituo. Mnamo Machi 16, wazee waliotumwa kuzungumza na serikali waliporudi na ombi kwamba watu watawanyike, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alijitokeza mbele. Alipandisha vazi lake, kitendo cha laana kubwa katika mila za Wakikuyu, na kuwashutumu wanaume kwa woga. Umati ukasonga kuelekea kituoni, nao polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilikiri vifo 21, ilhali Waafrika waliokuwapo walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi.

Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu. Miaka mingi baadaye, baada ya uhuru, jina lake lilipewa barabara inayopita kati ya chuo kikuu na hoteli ya Norfolk.

Adhuhuri ya Jumamosi

Uhuru ulipopatikana Desemba 12, 1963, majina ya mitaa ya Nairobi yalianza kubadilishwa. Sanamu ya Lord Delamere iling'olewa, na barabara iliyokuwa na jina lake ikawa Kenyatta Avenue. Hardinge Street ikawa Kimathi Street. Government Road ilibaki kama ilivyokuwa, pengine kwa sababu serikali sasa ilikuwa ya wananchi na jina halikumuudhi mtu.

Ilikuwa bado Government Road Jumamosi ya Julai 5, 1969, wakati Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Katibu Mkuu wa chama cha KANU, alipoingia katika duka la dawa la Chhani. Ilikuwa yapata saa saba mchana. Alipotoka, alipigwa risasi. Alifariki akiwa na umri wa miaka 38.

Nairobi ilimjua Mboya kuliko wanasiasa wengi wa wakati wake. Alifika mjini akiwa kijana, akaajiriwa na baraza la jiji kuwa mkaguzi wa afya, kisha akaingia katika vyama vya wafanyakazi na kuwa sauti ya vibarua. Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuwa mwakilishi wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Ni yeye aliyekuwa mstari wa mbele katika mpango wa kuwasafirisha wanafunzi kwa ndege kwenda kusoma Marekani, mpango uliozaa wataalamu wengi wa taifa changa.

Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa kwa mauaji hayo, akapatikana na hatia na kuhukumiwa kunyongwa mwaka huohuo. Wakenya wengi hawakuamini kwamba alitenda peke yake, na swali la nani aliyemtuma halijajibiwa mbele ya umma. Ghasia zilizuka Nairobi na Kisumu. Kabla ya mwaka kumalizika, chama cha upinzani cha KPU kilikuwa kimepigwa marufuku na viongozi wake kuzuiliwa, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa vitendo. Ufa ulioingia kati ya jamii mbili kubwa za nchi umeathiri siasa za Kenya tangu siku hiyo.

Kuna kinaya katika jinsi Mboya alivyokumbukwa. Jina lake lilipewa barabara ya jirani, ile iliyokuwa Victoria Street. Barabara aliyouawa ndani yake, baada ya Daniel arap Moi kumrithi Mzee Jomo Kenyatta mwaka wa 1978, ilipewa jina la rais mpya. Moi alitawala hadi mwisho wa 2002 na akafariki Februari 2020. Jina limebaki.

Ilichukua miaka 42 kabla ya Mboya kurudishwa katika barabara hii. Mwaka wa 2011, sanamu yake ya shaba ilizinduliwa mkabala na jengo la Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, hatua chache kutoka mahali alipoanguka. Wapita njia huitumia kama alama ya kukutania, na wapiga picha hutafuta riziki chini yake.

Mwezi wa nane, tarehe saba

Ijumaa ya Agosti 7, 1998, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, lori lililosheheni vilipuzi lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, uliokuwa kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, mkabala na stesheni ya reli. Mlipuko wa kwanza ulikuwa mdogo. Wafanyakazi katika majumba ya jirani walikimbilia madirishani kuona kulikoni. Sekunde chache baadaye, bomu lenyewe lililipuka, na vioo vikageuka visu. Hii ndiyo sababu watu wengi hivyo walipoteza macho siku hiyo.

Jumba la Ufundi House liliporomoka. Jumba refu la Benki ya Ushirika liliharibiwa vibaya. Watu 213 waliuawa Nairobi, 12 kati yao wakiwa Wamarekani, na maelfu wakajeruhiwa. Siku hiyohiyo, bomu jingine liliwaua watu 11 Dar es Salaam. Shabaha ilikuwa Marekani, lakini waliolipa gharama walikuwa makarani, wanafunzi, abiria wa mabasi na wachuuzi wa Moi Avenue.

Ubalozi ulihamia Gigiri. Mahali ulipokuwa pakafanywa bustani ya ukumbusho, iliyofunguliwa mwaka wa 2001, yenye ukuta uliochorwa majina ya waliokufa. Ni miongoni mwa mahali pachache katikati ya jiji ambapo mtu anaweza kuketi chini ya mti na kusikia kimya.

Kimya hicho hakimaanishi kwamba shauri limekwisha. Mwaka wa 2020, Sudan, iliyokuwa imelaumiwa kwa kuwapa magaidi hao hifadhi, ilikubali kulipa dola milioni 335 za Marekani kama sehemu ya mapatano na serikali ya Marekani. Wakenya wengi waliojeruhiwa au kufiwa hawakujumuishwa. Kila mwaka ifikapo Agosti 7, manusura hukusanyika bustanini, wengine wakiongozwa kwa mkono kwa kuwa hawaoni, na kuuliza swali lilelile kuhusu fidia.

Kutoka dukani hadi kijiduka

Sura ya biashara nayo imebadilika. Kwa miaka mingi, Government Road ilikuwa ya maduka makubwa ya familia za Kihindi: nguo, saa, vitabu, vifaa vya kupigia picha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, duka moja lililokuwa na mwenyewe mmoja lilianza kugawanywa kwa mbao na vioo hadi likatoa vijiduka kumi au zaidi. Wakazi huviita eksibisheni.

Sababu zake ni rahisi kueleza. Bidhaa za bei nafuu zilianza kumiminika kutoka Dubai na baadaye China, na mfanyabiashara mdogo akaweza kusafiri mwenyewe, au kumtuma mwenzake, na kurudi na mzigo wa simu, viatu au nguo. Hakuhitaji duka zima, alihitaji pembe yenye wapita njia. Mwenye jumba naye aligundua kwamba wapangaji kumi wadogo humletea kodi kubwa kuliko mmoja mkubwa, achilia mbali kilemba, yaani malipo ya kuingilia ambayo mpangaji mpya hutozwa kabla ya kupewa ufunguo.

Asiyeweza kulipa kilemba hutandika bidhaa zake chini. Hapo ndipo vuta nikuvute kati ya wachuuzi na askari wa jiji ilipozaliwa. Serikali zote zilizopita City Hall zimewahi kuamuru wachuuzi waondoke barabara kuu na kwenda masokoni au vichochoroni, na kila mara wamerejea. Si kwa ukaidi tu. Mchuuzi huwafuata wateja, na wateja wako hapa kwa sababu reli na vituo vya mabasi vimewaelekeza hapa tangu mji uanze.

Hata majengo ya fahari hayakuepuka mabadiliko. Hoteli ya Hilton, yenye mnara wa mviringo uliofunguliwa mwaka wa 1969, ilifunga milango yake mwishoni mwa 2022. Ng'ambo ya barabara, jumba la Hifadhi ya Nyaraka, ambalo zamani lilikuwa benki, limedumu. Ndani yake mna kumbukumbu za serikali, na katika ghorofa ya chini mna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966. Mwananchi anaweza kutoka katika kelele za makanga, akapanda ngazi chache na kusoma barua walizoandika maafisa wa kikoloni kumhusu babu yake.

Mwenye barabara ni nani?

Kwa miaka mingi, katika viti vya bustani ya Jeevanjee, watu wasio na ajira na wenye muda wa chakula cha mchana wamekuwa wakijadili siasa, bei ya unga na katiba. Wanakiita kikao chao Bunge la Mwananchi. Hakina spika mwenye joho, lakini hoja hupingwa na kuungwa mkono kwa utaratibu.

Mnamo Juni 2024, hoja hizo zilimwagika barabarani. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliijaza Moi Avenue na mitaa ya jirani, simu mkononi, bila kiongozi mmoja. Moshi wa vitoa machozi ulitanda kutoka Hifadhi ya Nyaraka hadi Jeevanjee. Mnamo Juni 25, waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Mwaka mmoja baadaye, Juni 17, 2025, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani katikati ya jiji wakati wa maandamano mengine, akafariki siku chache baadaye. Hakuwa akiandamana. Alikuwa kazini.

Ukitazama kutoka 1922 hadi 2025, unaona kwamba barabara hii imekuwa ikiulizwa swali lilelile: ni ya nani? Wahandisi walidhani ni ya reli. Wakoloni waliiandika kuwa ya serikali. Baada ya uhuru, ikapewa jina la rais. Lakini wanaoitembea kila siku wana majina yao wenyewe: Ambassadeur, Kencom, Khoja, Jeevanjee. Hayo ndiyo majina ambayo kondakta huyaita kwa sauti, na ndiyo ambayo mgeni kutoka mashambani huelekezwa kwayo.

Vibao vya mitaa vitaweza kubadilishwa tena siku moja, kama vilivyobadilishwa awali. Jambo lisilofaa kuachiwa mafundi wa vibao ni kumbukumbu. Waliokufa mwaka wa 1998 wana ukuta wa majina. Mboya ana sanamu. Wa mwaka wa 1922, isipokuwa Nyanjiru, hawajulikani kwa majina na wengi wanaopita mahali walipoanguka. Nchi iliyopata uhuru kwa jasho lao ina deni hapo.

Jioni, mkondo wa watu hugeuka. Wafanyakazi hushuka kutoka Jeevanjee, hupita sanamu ya Mboya, hupita ukuta wa bustani ya Agosti 7 na kuingia stesheni kulisubiri garimoshi, kama walivyofanya wazee wao tangu mji huu ulipoanza.